Kukumbuka Masomo ya Chuo Miaka Mingi Baadaye: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu nimeulizwa na wanafunzi na wahitimu wa vyuo vya Mombasa katika miaka niliyofundisha umeme kwenye chuo cha ufundi hapa kisiwani. Baadhi ya walioyauliza ni wanafunzi wangu, na wengine ni wauguzi, wahasibu na mabaharia waliosikia kwamba jambo hili linanishughulisha. Nimeyajibu kwa kutegemea utafiti uliochapishwa pamoja na yale niliyoyaona darasani, na pale ninapotoa rai yangu mwenyewe nimesema hivyo.

Nilifaulu mtihani vizuri, lakini muhula mmoja tu umepita na sikumbuki hata nusu ya somo. Je, akili yangu ina kasoro?

Haina kasoro. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi orodha za silabi zisizo na maana, kisha kupima baada ya muda fulani ni kazi kiasi gani aliyookoa alipozihifadhi upya. Aligundua kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi hiyo inapungua: baada ya siku moja alikuwa amebakiwa na takriban thuluthi moja ya faida ya kujifunza kwake, lakini baada ya mwezi mzima kilichobaki hakikuwa kimeshuka sana kutoka hapo. Watafiti wa Uholanzi walirudia jaribio lake mwaka 2015 na wakapata mchoro unaofanana na wake. Masomo yako yana maana, tofauti na silabi zake, kwa hiyo hayatoweki haraka kiasi hicho. Hata hivyo umbo la kusahau ni lilelile, nalo humpata kila mtu.

Kasoro, kama ipo, imo katika namna tunavyosoma, na mimi niliijua kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi nilipata alama za juu katika somo la mota za umeme. Miezi minane baadaye, katika karakana moja ya Changamwe, fundi mkuu alinipa kipande cha chaki, akanionyesha mlango wa kabati la chuma na kunitaka nichore pale saketi ya kuwashia mota kwa nyota na delta, yaani namna mbili za kuunganisha nyaya za mota. Nilichora kontakta tatu, zile swichi zinazoendeshwa kwa umeme, nikachora mota, kisha mkono ukasimama. Nilijua kwamba mota huanzia nyota ili mkondo wa kuwashia ushuke hadi thuluthi moja, kisha huhamishiwa delta ikishashika kasi, na maelezo hayo ningeweza kuyajazia ukurasa mzima. Nisichokijua ni waya upi unatoka wapi na unakwenda wapi, kwa sababu mchoro ule nilikuwa nimeutazama mara nyingi sana na sikuwahi kuuchora hata mara moja kitabu kikiwa kimefungwa. Fundi yule hakunicheka. Alichukua chaki, akaumalizia mchoro polepole huku akinitajia kila waya, kisha akaufuta wote na kunirudishia chaki.

Mimi hurudia daftari langu mara nne au tano kabla ya mtihani. Je, hayo si marudio ya kutosha?

Kurudia kusoma ni kitu kimoja na kujikumbusha ni kitu kingine, na katika mambo yote niliyoyaandika humu, hili ndilo ningependa lisomwe kwa makini kuliko mengine. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walichapisha jaribio ambalo msomaji wa Pwani atavutiwa nalo zaidi, maana wanafunzi wa chuo wa kule walipewa kujifunza maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza, likiwemo neno letu la mashua. Mwanafunzi akishalijibu neno sawasawa mara moja, katika baadhi ya makundi neno hilo liliendelea kusomwa lakini halikuulizwa tena, na katika makundi mengine liliendelea kuulizwa. Wiki moja baadaye, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno, na ambao hawakuulizwa tena walikumbuka kiasi cha thuluthi moja tu, hata wale waliokuwa wameendelea kuyasoma kwa bidii. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kabla ya mtihani huo wa mwisho makundi yote yalitabiri kwamba yangekumbuka karibu nusu. Yaani mwanafunzi mwenyewe hakuhisi tofauti kubwa kama hiyo ilipokuwa ikijengeka ndani yake.

Ndiyo maana daftari lililosomwa mara tano linadanganya. Kila unapolifungua, maneno yanazidi kuwa ya kawaida machoni, mistari uliyoipaka rangi ya manjano inakusalimu kama jirani wa miaka mingi, nawe unauchukua ule wepesi wa kutambua kuwa ni kujua. Lakini mtihani, mgonjwa na mota iliyoharibika havikuulizi kama unautambua ukurasa, bali vinakutaka uutoe kichwani ukurasa ukiwa haupo.

Njia ya kujikumbusha haina gharama. Mhadhara ukiisha, au jioni ukifika nyumbani, funga daftari, chukua karatasi tupu, na uandike kila unachokikumbuka kuhusu somo la siku hiyo, pamoja na michoro na kanuni za hesabu, bila kuchungulia. Utakwama, na ni lazima ukwame. Kaa na ule mkwamo dakika moja au mbili kabla ya kufungua daftari, kisha uandike kwa wino wa rangi nyingine vile ulivyovisahau. Wanafunzi wengi huniambia kwamba zoezi hili linachosha na linawavunja moyo kuliko kusoma. Ni kweli linachosha, na uchovu huo ndio unaofanya kazi.

Walimu wetu wanatukataza kukariri, ilhali madrasani tulihifadhi juzuu nzima na hadi leo tunazikumbuka. Nani yuko sahihi?

Wote wana haki kwa upande wao. Katika Pwani hii neno chuo lenyewe, kabla ya kuitwa hivyo majengo ya mtaa wa Tudor na kwingineko, lilikuwa mahali mtoto alipopelekwa kusoma Kurani, na walimu wa huko walikuwa na utaratibu ambao vyuo vya kisasa vingefaa kuuiga. Mtoto anayehifadhi humsomea mwalimu wake kwa moyo, bila msahafu. Akikosea anasahihishwa papo hapo. Na sehemu alizozihifadhi zamani haziachwi zilale, bali zinarejewa kwa zamu katika murajaa hata anapoendelea na sehemu mpya. Ukiangalia vizuri utaona kwamba hayo ndiyo mambo yaleyale: kutoa kichwani bila kutazama, kusahihishwa mapema, na kurudi tena baada ya siku kupita. Na mapokezi ya mdomo yana nguvu kweli: mashairi mengi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, tunayo leo kwa sababu yalidumu vinywani mwa watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya miongo kadhaa baadaye.

Wanachokikataza walimu wa chuo ni kuhifadhi maneno yaliyoachana na maana yake. Nimewahi kumsikiliza kijana akiitaja kanuni ya Ohm neno kwa neno, kisha akashindwa kuniambia ni mkondo kiasi gani utapita kwenye kipasha joto chenye ukinzani wa omu 60 kikiunganishwa na volti 240, jambo ambalo ni kugawanya tu na kupata ampea 4. Kwa hiyo usiiache hazina ya kuhifadhi uliyolelewa nayo. Ongeza juu yake swali la kwa nini na swali la itumike wapi.

Nikishajifunza jambo, nilirudie baada ya siku ngapi?

Jibu linategemea unataka likae muda gani. Nicholas Cepeda na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2008 uliohusisha watu zaidi ya 1,000, waliona kwamba anayetahiniwa baada ya wiki moja hufaidika zaidi akirudia baada ya siku moja hivi, na anayetahiniwa baada ya karibu mwaka mzima hufaidika zaidi pengo likiwa la wiki 3 hivi. Anayerudia somo mara tatu ndani ya jioni moja anajiandaa kwa mtihani wa kesho, na kesho kutwa itamkuta mikono mitupu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa familia moja. Harry Bahrick, mtafiti wa kumbukumbu wa Marekani, pamoja na jamaa zake watatu, walijifunza maneno ya lugha za kigeni kwa mapengo tofauti na wakajipima hadi miaka 5 baadaye. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1993, vikao 13 vilivyotenganishwa kwa siku 56 vilileta kumbukumbu inayokaribiana na ya vikao 26 vilivyotenganishwa kwa siku 14. Msomaji apige hesabu mwenyewe: kwa kuvumilia kusahau kidogo katikati, walipata matunda yaleyale kwa nusu ya vikao.

Ratiba ninayowapa wanafunzi wangu, na hii ni rai yangu iliyojengwa juu ya tafiti hizo, ni kurudia siku inayofuata, kisha baada ya siku 3, baada ya wiki, baada ya wiki 3, baada ya miezi 2, na kuanzia hapo mara moja kila muhula. Ili kichwa kisibebe mzigo wa kukumbuka tarehe, tumia boksi la viatu lililogawanywa sehemu tano, kwa mtindo ambao Sebastian Leitner aliueleza mwaka 1972. Kadi mpya huanzia sehemu ya kwanza. Ukiijibu sawa inasogea mbele, ambako inaulizwa mara chache zaidi, na ukiikosa inarudi mwanzo hata kama ilikuwa imefika mwisho. Wenye simu wanaweza kutumia programu kama Anki, ambayo inapanga siku hizo yenyewe, lakini karatasi ya manila iliyokatwa vipande inafanya kazi hiyohiyo hata umeme ukikatika.

Kadi hizo niandike nini?

Andika swali linaloweza kujibiwa kwa pumzi moja, na uliandike mwenyewe. Kadi iliyoandikwa "Figo" upande mmoja na aya nzima upande wa pili haitakusaidia, kwa sababu hutajua kama umejibu au hukujibu. Ni bora figo ipate kadi kumi.

Pale penye hesabu, usiweke kanuni peke yake. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi alinionyesha kadi yake iliyokuwa na kanuni ya kupima dozi, nami nikamwomba aandike nyingine mbele yangu: mtoto ana kilo 12, daktari ameagiza miligramu 15 za parasetamoli kwa kila kilo, na dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, utampimia mililita ngapi? Alihesabu kwa penseli pembezoni mwa kadi: 12 mara 15 ni miligramu 180, gawanya kwa 120, zidisha kwa 5, ikawa mililita 7.5. Kisha tukafuta kilo 12 na kuweka nafasi wazi, ili kila kadi ikirudi aandike uzito mwingine. Kwa namna hiyo hawezi kuhifadhi jibu. Analazimika kuipitia njia.

Naishi Likoni, nasoma kisiwani, na jioni nafanya kazi dukani. Muda wa haya yote nitautoa wapi?

Kujikumbusha hakuhitaji meza. Unaposubiri kivuko, jiulize mambo matatu ya mhadhara wa jana na uyajibu moyoni kikamilifu, sentensi kwa sentensi, kabla feri haijafunga upande wa pili. Kadi kumi zinaingia kwenye mfuko wa shati. Dakika 15 kila siku zina thamani kubwa kuliko saa 3 za Jumapili, na nasema hivi nikijua kwamba kuna siku hata hizo 15 hazipatikani. Siku hiyo ikipita, endelea kesho ulipoachia bila kujaribu kulipa deni lote kwa mkupuo.

Kukesha usiku wa kuamkia mtihani kuna ubaya gani, ikiwa ninafaulu?

Kwa mtihani wenyewe unaweza ukafaulu, na sitamdanganya mtu kwamba haiwezekani. Lakini usingizi ni sehemu ya kujifunza. Tangu mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach walipolinganisha saa za kulala na saa za kukaa macho baada ya kuhifadhi silabi, ilionekana kwamba aliyelala alibakiwa na mengi zaidi, na tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba ubongo huimarisha kumbukumbu za mchana wakati wa usingizi. Anayekesha anaukata usiku uleule ambao ungemsaidia kuyashika aliyoyasoma.

Katika mwezi wa Ramadhani ratiba yangu inavurugika kabisa. Nifanye nini?

Punguza kadi mpya, au uziache kabisa kwa mwezi huo, na ubaki na murajaa wa zile za zamani. Wanafunzi wangu wengi wanaona kwamba dakika 20 baada ya sala ya alfajiri, kabla ya joto kupanda, ndizo zenye utulivu kuliko zote.

Tunafundishwa kwa Kiingereza, lakini mimi nafikiri kwa Kiswahili. Je, nijieleze somo kwa lugha gani?

Anza kwa lugha unayoifikiria. Swali hili linanigusa, kwa sababu nimeona vijana wenye akili wakiandika Kiingereza kizuri cha vitabuni kuhusu jambo wasilolielewa, na Kiingereza hicho kikawaficha hata wao wenyewe. Ukilazimika kulisema jambo kwa Kiswahili cha nyumbani, huwezi kujificha nyuma ya istilahi.

Chukua mfano wa uchakavu wa mali katika uhasibu. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameyahifadhi maelezo ya kitabu na bado akichanganya hesabu zake. Nilimwomba amweleze mjomba wake, mwenye tuktuk, na baadaye akanisimulia alivyosema: "Mjomba, chombo chako umekinunua shilingi 500,000, nacho kitakufaa miaka mitano kabla ya kuwa chuma chakavu. Basi kila mwaka kinakula 100,000 ya thamani yake, hata kama hukutoa senti mfukoni mwaka huo. Ukihesabu faida bila kuitoa hiyo, unajidanganya." Mjomba akauliza: je, nikikiuza mwaka wa tatu? Swali hilo lilimrudisha kijana kitabuni, na nadhani alijifunza zaidi kwa swali la mjomba kuliko kwa mihadhara miwili.

Baada ya hapo rudi kwenye Kiingereza. Mtihani utakuwa kwa lugha hiyo, na ripoti za kazini pia, kwa hiyo kadi zako ziwe na istilahi rasmi upande mmoja na maelezo yako mwenyewe upande wa pili, nawe uziulize kutoka pande zote mbili.

Je, ni lazima nikumbuke kila kitu nilichofundishwa?

Hapana, na anayejaribu atachoka na kuacha yote. Namba za majedwali, tarehe za sheria, vipimo vinavyopatikana katika mwongozo wa mtambo, hivyo jua tu pa kuvitafuta. Shika kwa nguvu mambo ya aina mbili. La kwanza ni misingi ambayo mengine yanajengwa juu yake, kama vile sehemu na asilimia kwa muuguzi au uwiano wa mkondo na volti kwa fundi umeme. La pili ni mambo utakayoyahitaji wakati ambapo hakuna nafasi ya kufungua kitabu: mpangilio wa kumfufua mtu aliyeacha kupumua, au hatua za kuzima umeme kabla ya kugusa waya. Hayo ya pili yarejewe hata kama umeyajua miaka kumi, kwa sababu siku yatakapohitajika mikono itakuwa inatetemeka.

Nilimaliza chuo miaka sita iliyopita, sikupata kazi ya fani yangu, na sasa nimeitwa kwenye usaili. Je, yote yamepotea?

Hayajapotea kama unavyodhani. Bahrick, niliyemtaja juu, alichapisha mwaka 1984 uchunguzi wa watu zaidi ya 700 waliokuwa wamesoma Kihispania shuleni au chuoni, baadhi yao miaka 50 kabla ya kupimwa. Maarifa yao yalishuka katika miaka 3 hadi 6 ya mwanzo, kisha sehemu kubwa ya yaliyobaki ikatulia kwa muda wa hadi miaka 30, ingawa wengi hawakuwa wakiitumia lugha hiyo. Waliobakiwa na mengi ni wale waliokuwa wameisoma kwa kina zaidi. Miaka 7 baadaye, yeye na Lynda Hall walionyesha jambo kama hilo katika aljebra: waliofika katika hisabati za juu chuoni waliishika aljebra yao kwa karibu miaka 50, ilhali waliokuwa wamefaulu aljebra kwa kiwango sawa lakini wakaishia hapo waliipoteza karibu yote. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba hisabati za juu zilikuwa zikiwalazimisha kuitumia aljebra muhula baada ya muhula, bila wao kudhani kwamba wanairudia.

Kwako wewe hilo lina maana mbili. Ulipo sasa, baada ya miaka sita, huenda umeshapita kwenye mteremko mkali, na uliyonayo ndiyo yaliyotulia. Pili, kipimo cha Ebbinghaus kilikuwa hichohicho cha kujifunza upya, na alichokithibitisha ni kwamba hata jambo unaloliona limefutika linarudi kwa juhudi ndogo kuliko ya mara ya kwanza.

Kwa hiyo usianze kwa kusoma madaftari yako ya zamani kuanzia ukurasa wa kwanza. Tafuta karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, keti nazo saa nzima bila kitabu, na ujibu unavyoweza hata kama utaacha nusu wazi. Maswali uliyoyakosa ndiyo ya kuandikia kadi za wiki ya kwanza. Ikiwa una mwenzako mliyesoma naye, mpigie simu na mwombe akuulize kwa sauti mara mbili kwa wiki, maana katika usaili utajibu kwa mdomo, na ulimi nao unahitaji mazoezi yake.